Maswali ya Wasomaji: Soko la Samaki Lisilo na Harufu

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu uandishi wa maelezo: namna ya kumwonyesha msomaji mahali, mtu au kitu, na namna ya kutumia tamathali za semi bila kuzifanya mapambo ya harusi. Nimechagua tano, na nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

*

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Dar es Salaam. Tulipewa insha ya maelezo kuhusu mahali tunapopafahamu, nami nikachagua soko la samaki la Feri, kwa sababu mama yangu hukaanga samaki pale. Niliandika hivi: "Soko la Feri ni soko kubwa na zuri sana. Lina watu wengi na samaki wa kila aina. Watu wamejaa kama siafu na kelele ni nyingi mno. Kwa kweli ni mahali pa kupendeza." Mwalimu wetu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Sioni kitu." Nilitumia vivumishi na tashibihi kama tulivyofundishwa. Nimekosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Sarufi yako haina kosa hata moja, na ndiyo maana maneno ya mwalimu wako yamekuchoma. Hebu tufanye jaribio dogo. Ondoa neno "samaki" katika aya yako uweke "nguo", kisha ondoa "Feri" uweke "Kariakoo". Aya inasimama vilevile. Rudisha samaki, lakini safiri nao hadi soko la Mwaloni kule Mwanza, na bado aya inasimama. Maelezo yanayoweza kuhamishwa toka soko hadi soko bila kubadilishwa kitu ni sawa na anwani isiyo na jina la mtaa: barua haitafika.

Tazama pia kazi uliyoipa "zuri" na "kupendeza". Maneno hayo ni hukumu, na hakimu hatoi hukumu kabla mashahidi hawajasema. Msomaji anataka awasikilize mashahidi mwenyewe, yaani harufu, sauti, rangi, joto la jiko na utelezi wa sakafu, kisha aamue kwa hiari yake kama soko hilo linapendeza. Huenda akaamua kwamba linatisha, na hapo pia utakuwa umefaulu.

Jambo la pili ni la lugha yenyewe. Vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache, na mwandishi anayevitegemea hivyo peke yake huishiwa upesi, akabaki anaongeza "sana", "mno" na "kabisa" kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi usio na kitoweo. Utajiri wa lugha yetu wa kueleza umo katika vitenzi na katika majina mahususi. Mtu "aliyetembea" simwoni; aliyenyata, aliyechechemea, aliyejikongoja au aliyepepesuka namwona mara moja, na sihitaji kivumishi chochote. Vivyo hivyo "samaki wa kila aina" hawana magamba wala macho, ilhali changu, kibua, kolekole, jodari na ngisi kila mmoja ana umbo lake na bei yake, na mtoto wa mama anayekaanga samaki anawajua kuliko mimi.

Nimejaribu kuandika aya yako upya, nikitumia tu mambo ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimama pale Feri asubuhi anaweza kuyakuta:

"Kabla jua halijachomoza upande wa Kigamboni, mnadi amekwisha kumwaga ndoo ya kwanza ya vibua juu ya meza, nao wameteleza hadi ukingoni, macho yao yakiwa bado maangavu kama shanga za kioo. Kijana mwenye kisu kifupi anapaa changu. Magamba yanaruka na kumnasa mikononi, na kila anapojifuta jasho anajiongezea mengine shavuni. Upande wa majiko mafuta yanatatarika, moshi wa kuni unawaandama wanunuzi hadi ndani ya khanga zao, na mama mmoja anageuza vipande bila kuvitazama, kwa kuwa macho yake yako kwa mteja anayeelekea kuondoka bila kulipa."

Aya hiyo ina tashibihi moja tu, na vivumishi vyake havizidi vidole vya mkono mmoja. Kazi imefanywa na "kumwaga", "kupaa", "kunasa", "kutatarika" na "kuandama". Neno "kupaa" kwa maana ya kuondoa magamba ni neno la kazi hasa, na neno la kazi likiingia mahali pake msomaji humwamini mwandishi, hata kama yeye mwenyewe hajapata kushika kisu cha samaki. Nimeacha kwa makusudi kuieleza harufu, ili uieleze wewe. Nitakukumbusha tu kwamba Kiswahili kimetofautisha kunuka na kunukia, na kwamba harufu ya samaki ina jina lake, shombo, hivyo "harufu mbaya ya samaki" ni maneno manne yanayofanya kazi ya moja.

Kuhusu siafu wako: sina ugomvi nao, ila umewaweka mahali pasipo pao. Siafu hutembea kwa safu, mmoja nyuma ya mwenzake, wakielekea upande mmoja. Watu wa sokoni huzunguka, husimama, hurudi na kubishana. Wanaofanana na siafu wako hatua chache tu kutoka hapo, nao ni abiria wanaoshuka kwenye pantoni ya Kigamboni mlango unapofunguliwa. Umekuwa na tashibihi nzuri mkononi, ukaibandika kwenye kitu kisicho chake.

Zoezi: nenda sokoni na mama yako siku moja ya mapumziko, kaa mahali pamoja kwa nusu saa, na uandike mambo kumi ambayo mgeni asingeyajua, bila kutumia -zuri, -baya, -kubwa wala -ingi. Usiandike insha siku hiyo. Insha iandike baada ya siku mbili au tatu, daftari likiwa limefungwa, kisha ulinganishe: yale yatakayokuwa yamekurudia yenyewe bila kusoma daftari ndiyo yenye nguvu.

*

Mwalimu mwenzangu, ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili huku Kakamega. Wanafunzi wangu wana orodha ya tashibihi walizokariri tangu shule ya msingi: kukimbia kama umeme, mweusi kama makaa, mrefu kama mlingoti, kutetemeka kama unyasi. Kila insha ina orodha hiyohiyo, na wengine hawajawahi kuona mlingoti. Nikiwakataza, insha zao hukauka kabisa. Nifanye nini?

Usiwakataze kwa ghafla, ndugu yangu, na usiwalaumu. Kukariri kumewapa msamiati, na mtoto asiye na msamiati hana cha kubuni. Tatizo ni kwamba walipewa tashibihi kama tunavyopewa noti za benki, zitumike kama zilivyo, na hakuna aliyewaonyesha zinavyotengenezwa.

Mimi mwenyewe nilikulia kijiji cha wavuvi, na nikiwa darasa la sita niliandika kwamba jahazi lilikata maji "kama kisu kikatavyo siagi". Nilijivunia sentensi hiyo hadi nilipomsomea baba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza siagi hiyo tulikula siku gani. Nyumbani kwetu hapakuwa na siagi. Palikuwa na kisu kilichopasua dafu, mkasi wa mama uliopita kwenye kitambaa cha kanzu bila kufunguka na kufumba, na wembe wa baba juu ya povu la sabuni. Vitu vitatu nilivyoviona kila wiki vilikuwa vinangoja, nami nikaenda kuazima kitu cha nne kwenye kitabu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuwaonyesha wanafunzi kwamba lugha yao imejaa mifano iliyotengenezwa na watu wa kawaida kutokana na vitu vya nyumbani. Anza na rangi. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazochukua viambishi kama vivumishi vya kawaida: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi ya zilizobaki ni tashibihi zilizosahauliwa. Kijani imetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye bizari ile inayotia rangi mchuzi na vidole, zambarau kwenye tunda linaloacha ulimi umebadilika rangi. Ngozi ya mtu tunaiita maji ya kunde, na kitambaa chekundu kilichokolea tunakiita damu ya mzee. Aliyesema "damu ya mzee" kwa mara ya kwanza alikuwa mwandishi wa maelezo, ingawa hatumjui. Waulize wanafunzi wako: kama rangi ya maji ya mto baada ya mvua kubwa haina jina, wao wangeiitaje? Kama rangi ya muwa uliokwisha kutafunwa haina jina, je? Wakijibu "nyeupe kidogo" warudishe nje wakatazame tena.

Hatua ya pili ni vitendawili, ambavyo tumeviacha viwe mchezo wa watoto wadogo tu. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai. "Kuku wangu ametagia miibani" ni nanasi. Kila kitendawili ni sitiari iliyofichwa upande mmoja. Ukimtaka mwanafunzi ajibu, unapima kumbukumbu yake. Ukimpa jibu na kumtaka atunge swali, unamlazimisha atazame. Mpe trekta lililobeba miwa na kuiangusha njiani, ngoma ya isukuti asubuhi ya mapigano ya mafahali, au kumbikumbi wanaomiminika kwenye taa baada ya mvua, kisha mwambie atunge kitendawili ambacho jirani yake wa dawati atakijibu. Kikiwa rahisi mno, ametaja sifa ambayo kila mtu anaiona. Kisipojibika kamwe, ametaja sifa isiyokuwepo. Katikati ya hapo ndipo tamathali nzuri inapokaa, na darasa zima hulitambua hilo kwa kicheko kabla mwalimu hajasema neno.

Hatua ya tatu ni ya kusahihisha. Badala ya kuichora tashibihi iliyokaririwa mstari mwekundu, iulize swali. Umeandika kwamba watu walijaa kama kumbikumbi: kumbikumbi yupi? Aliye angani, anayezunguka taa, au yule wa asubuhi, aliyeangusha mbawa na kutambaa sakafuni akisubiri kuokotwa na kukaangwa? Mtoto wa Magharibi mwa Kenya anajua vyote vitatu. Akiandika kwamba baada ya mkutano wa hadhara uwanja ulibaki na vipeperushi vilivyotapakaa "kama mbawa za kumbikumbi asubuhi", tashibihi ileile iliyochakaa imefufuka, na hakuna aliyemkataza kitu.

Utaniuliza kuhusu alama za mtihani. Najua kuna wasahihishaji wanaohesabu tamathali kama wanaohesabu mbuzi zizini. Kwa uzoefu wangu wa kusoma insha nyingi kwa mkupuo mmoja, msahihishaji aliyekutana na mlingoti uleule mara arobaini huamka anapokutana na trekta la miwa.

*

Assalaam alaykum. Ninaishi Muscat, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Bibi yangu alizaliwa Pemba, na alipokuwa msichana alishiriki kuchambua na kuanika karafuu. Nataka kuandika maelezo ya kazi hiyo ili watoto wangu wayasome, lakini mimi sijaiona kwa macho yangu. Kila nikimuuliza bibi ilikuwaje, hujibu: "Ilikuwa kazi, mwanangu." Je, inafaa kuelezea kitu ambacho sikukiona? Na nitapataje maelezo yenye uhai?

Waalaykum salaam, dada yangu. Inafaa, ilimradi usijifanye uliona. Weka jicho la bibi mbele na lako nyuma yake, na uandike wazi kwamba "bibi anasema", kwa sababu sauti yake ni sehemu ya maelezo na watoto wako watataka kuisikia.

"Ilikuwaje?" ni swali kubwa mno, na mtu mzima aliyefanya kazi kwa miaka hulijibu kwa neno moja kubwa vilevile. Muulize maswali madogo yenye mahali pa kushika. Alikaa juu ya nini alipokuwa anachambua? Taa iliwekwa wapi, na nani alikaa karibu nayo? Makonyo yaliyotenganishwa na karafuu yaliwekwa upande gani? Vidole vyake viliuma wapi? Mvua ilipotishia wakati karafuu ziko juani, ni nani aliyepiga kelele kwanza, na alisema maneno gani hasa? Majamvi yalikunjwa vipi, na watu wangapi walishika pembe zake? Ukiuliza juu ya pembe ya jamvi, bibi atakupa kijiji kizima.

Kisha wewe mwenyewe ufanye kazi ya mikono. Karafuu haijapotea duniani. Nenda sokoni Mutrah ununue robo kilo, uimwage kwenye sinia, na ukae nayo bila simu. Chukua moja uitazame: ina kikonyo chembamba, na juu yake ncha nne zilizoshika kitufe cha mviringo. Hiyo ni tumba, yaani ua lililochumwa kabla ya kuchanua. Itafune taratibu. Mwanzo kuna ukali, halafu joto, halafu ganzi inayotambaa kwenye ulimi, ndiyo sababu wazee huiweka kwenye jino linalouma. Karafuu kavu ikivunjwa hukatika kwa mlio mdogo. Karafuu mbichi ni nzito zaidi, karibu mara tatu ya uzito wa kavu, kwa hiyo kila gunia lililoondoka Pemba liliacha maji yake juu ya majamvi na sakafu za kuanikia. Hili la mwisho ni jambo la hesabu tu, lakini likiandikwa vizuri linaweza kubeba aya nzima kuhusu jua la Pemba.

Nakutahadharisha kuhusu tashibihi ya msumari. Karafuu inafanana na msumari mdogo, hilo ni kweli, na Wafaransa wameipa jina la msumari katika lugha yao. Lakini huo ni mfano wa watu walioipokea ikiwa kavu, mwisho wa safari, ndani ya chupa. Msichana aliyeichambua ikiwa bado na utomvu wake huenda aliifananisha na kitu kingine kabisa: kipini cha puani, kidole cha mtoto mchanga, kichwa cha kijiti cha kiberiti. Muulize. Usimpe mifano hii yangu, kwa sababu atakubali mmojawapo kwa adabu tu. Mwekee karafuu kiganjani, unyamaze, na uwe na kalamu karibu.

Kuhusu jibu lake la "ilikuwa kazi", mimi ningelianza nalo. Liweke liwe sentensi ya kwanza kabisa, kisha kila aya inayofuata ionyeshe kazi hiyo ilikuwa na uzito gani, bila wewe kuitaja tena kwa jina.

*

Mwalimu, ninaandika hadithi fupi. Mhariri mmoja alinifutia "pu", "chubwi" na "chapachapa" kila nilipoyatumia, akisema ni lugha ya watoto isiyofaa katika maandishi ya watu wazima. Pia aliandika kwamba nimechanganya tashibihi na sitiari. Tafadhali nifafanulie.

Nianze na la pili, kwa sababu ni jepesi. Tashibihi hulinganisha kwa kutumia kiunganishi kilicho wazi, kama vile "kama", "mithili ya", "mfano wa" au "sawa na": sauti yake ilikwaruza kama mwiko kwenye ukoko. Sitiari huondoa daraja hilo na kusema kwamba kitu hiki ndicho kile: sauti yake ni mwiko kwenye ukoko. Ukikipa kitu kisicho na uhai tabia ya mtu, mathalani jiko lililogoma kuwaka au bahari iliyonung'unika usiku kucha, hiyo ni tashihisi, ambayo wengine huiita uhuishaji. Majina haya ni ya mtihani. Msomaji wa hadithi hatakuuliza.

La kwanza limeniudhi kwa niaba yako. Tanakali za sauti ni miongoni mwa vyombo vyenye uangalifu mkubwa kuliko vyote katika lugha yetu, na anayeviita vya kitoto hajavisikiliza. Mtu akianguka pu, nimeelewa kwamba alikuwa mzito na ardhi ilikuwa ngumu. Akianguka tifu, ameangukia mchanga au vumbi. Akiingia chubwi, ni maji, tena yenye kina cha kummeza. Silabi moja au mbili zimenipa uzito wa kitu, uso wa mahali kilipoangukia, na muda uliochukuliwa. Waandishi wa lugha nyingine huhitaji kishazi kizima kupata hayo. Aliyelowa sana yuko katika jumla. Aliyelowa chapachapa nguo zake zinadondosha maji na kila hatua yake ina mlio. Giza totoro, kimya jii, nyeupe pe, kujaa pomoni, kulala fofofo: kila moja linafunga wazo kama kifuniko kilichotengenezwa kwa ajili ya chungu kilekile.

Hata hivyo nampa mhariri wako haki katika jambo moja, nalo ni wingi. Tanakali hupiga kelele kwa asili yake, na zikiwa tatu katika aya moja hazisikiki tena. Iweke moja mahali ambapo tukio linageuka. Katika hadithi uliyonitumia, mzee anatupa ufunguo wa nyumba ya ndoa kisimani. Hapo "chubwi" ingetosha kabisa, lakini umeongeza sentensi tatu kuhusu huzuni yake. Zifute hizo sentensi tatu, urudishe chubwi, na umpe mhariri kazi ya kukueleza ni kwa nini iondoke.

*

Mwalimu, salamu kutoka Goma. Nimesoma Kiswahili sanifu vitabuni, na nikiandika kuhusu mji wetu najikuta ninatumia maneno ya Pwani: majahazi, minazi, maji kupwa na kujaa. Kiswahili chetu cha kila siku ni tofauti. Kwa mfano sisi husema makala kwa makaa. Je, maelezo yangu yatahesabika kuwa mazuri nikiacha mifano ya Pwani?

Yatakuwa ya kweli kwanza, na bila hilo hayawezi kuwa mazuri. Ziwa Kivu halina bamvua. Maji ya Pwani hujaa na kupwa kwa kufuata mwezi, na wavuvi wa huko hupanga siku yao kwa hesabu hiyo, lakini ukiandika kwamba Kivu "ilikupwa na kuacha mchanga mtupu", msomaji wa Bukavu ataweka kitabu chini. Minazi nayo imeingia katika insha za watu wengi wa bara bila kualikwa, na sijui lini itatoka.

Tazama ulicho nacho. Usiku wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, taa zikining'inia juu ya maji kuwaita samaki, na makasia yakifuata wimbo. Mtu wa Mombasa au Unguja hajapata kuona chombo cha namna hiyo, na atahitaji umweleze pole pole: miti hiyo inapinda upande gani, taa zinaakisi vipi, wimbo unaanzwa na nani na unaitikiwa wapi. Mjini una chukudu, ambayo ni baiskeli na mkokoteni na punda kwa pamoja, imechongwa kwa mbao, nayo hushuka mteremko na mzigo wa viazi au makala huku mwenyewe amepiga goti moja juu yake. Una mawe meusi ya volkano yaliyojengewa kuta na kutandazwa njiani, baadhi yake yakiwa ya mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 2002 uliopita katikati ya mji, na una mlima wenyewe, ambao usiku mwingine huyapaka mawingu wekundu kutoka chini.

Kuhusu makala na makaa, ushauri wangu ni huu. Mhusika wako akizungumza, mwache aseme makala, kwa kuwa ndivyo anavyosema. Wewe msimulizi unaweza kutumia sanifu, ila usiogope kuliacha neno la nyumbani pale linapobeba kitu ambacho sanifu haina, kama vile sambaza na chukudu. Usilifasirie kwenye mabano. Lipe kazi ya kufanya ndani ya sentensi, na msomaji wa Tanga atalielewa kabla hajafika kwenye nukta.

Umenitumia sentensi moja unayoitilia shaka: "Wekundu wa mlima ulikuwa kama moto mkubwa." Mlima huo ni moto kweli, kwa hiyo umeulinganisha na wenyewe. Ondoa "kama", ondoa "mkubwa", na umtafute mtu mmoja mtaani kwenu anayefanya jambo la kawaida chini ya mwanga huo: mama anayeanua nguo saa tatu usiku na kuona kwamba shuka lake jeupe si jeupe tena. Mwandike huyo.